Bingwa Kigen na Mtoto wa Njiani

Hapa Sugoi mwanariadha si ajabu, kila boma lina wake. Lakini bingwa wa mbio za magari tunaye mmoja tu, Kigen, na huyo tumemkalia shingoni. Alitwaa taji la taifa mara tatu. Tulimtania kwamba ameshinda akiwa ameketi, kisha tukamlaki kwa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kama mkimbiaji.

Katika mashindano yake ya mwisho gari lilibingirika, na Murunga, msaidizi aliyekuwa akimsomea ramani ya njia, akafa kando yake. Kigen akaacha mbio. Sisi hatukumwacha. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, kijiji kizima husema, "Mwite Kigen amkimbize hospitali mjini!" Mcheza kwao hutunzwa, nasi tulimtunza hadi akakosa pa kupumulia.

Mimi Hellen, mkunga, ndiye hukaa kiti cha nyuma na akina mama. Mshale wa mwendo haupiti kilomita arobaini. Tangu ajali ile, Kigen hukanyaga breki hata barabara ikiwa tupu. Wavulana wawili walizaliwa garini, wakapewa jina la uji, yaani la kuzaliwa, la Kipsang, aliyezaliwa nje; msichana angeitwa Chesang. Watu wakacheka kwamba watoto hao wana mbio kuliko bingwa. Kwa huruma sikumwambia mtu kwamba Kigen anaogopa mwendo, na leo naichukia huruma ile.

Mwezi uliopita ikawa zamu ya Purity, binti yake Kigen.

"Baba, kanyaga mafuta! Damu inatoka!"

"Nakanyaga, mami."

Uongo mtupu. Trekta lenye trela ya mahindi lilitupita. Purity aliinua kichwa, akautazama mshale, akamtazama babake kwenye kioo. Hakumwomba tena. Msichana alizaliwa kabla hatujafika mjini, kimya, rangi ya majivu. Nilimpulizia pumzi mpaka akalia.

Siku ya kumpa jina, Kigen alinivuta nyuma ya ghala. "Mama Hellen, tafadhali, mwiteni Chebet. Si alizaliwa mchana?"

Kweli, jua lilikuwa utosini. Nikaingia ndani kumuuliza Purity, Kigen akinifuata.

"Alizaliwa njiani," Purity akasema, akimkazia babake macho. "Ni Chesang."

Wanawake wakapiga vigelegele. "Bingwa ameshindwa tena!" mmoja akapaza sauti. Kigen akacheka nao, angefanya nini? Kabla kicheko hakijaisha, simu yake ikalia. Ni mtu wa kijiji jirani cha Chepsaita, mkewe ameshikwa na uchungu.

"Nakuja," Kigen akajibu, akitafuta funguo.

Purity alinitazama, akingoja nimzuie babake. Nami, Mungu anisamehe, nikachukua mkoba wangu wa ukunga, nikamfuata Kigen garini.