Nakala ya Tatu Inakaa kwa Wakwe

Saa tatu asubuhi, fataki za hekaluni zimekwisha kuanza kulia. Kang Shu-ni anafungua duka lake la kutengeneza kompyuta, jirani na mkamua mafuta ya ufuta mjini Beigang, na kabla hajawasha taa msichana anaingia mbio akiwa amekumbatia taulo lililolowa.

“Shangazi, Babu kaimwagia chai!”

“Kamwagia nini?”

“Kompyuta. Na diski. Zote mbili!”

Msichana huyo ni Tsai Pin-jung, mcheza vikaragosi vya mkononi. Nyuma yake anakuja babu yake, Mzee Tsai Wan-te, mwenye miaka sabini na mmoja, akitembea polepole na uso umemshuka. Anasalimia kwa mnong’ono, kwa sababu sauti nyingine hana.

Mji mzima unaijua sauti aliyokuwa nayo. Kwa miaka arobaini Mzee Tsai alikaa nyuma ya jukwaa dogo la mbao akiwasemea vikaragosi wote peke yake: jenerali, bibi harusi, mlevi, hata jini la mtoni. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo, na sauti ikaishia hapo hapo. Bahati nzuri alikuwa amezirekodi hadithi zake zote. Siku hizi mikono ni ya Pin-jung na sauti ni ya babu, inatoka kwenye spika.

Leo ni sikukuu ya mungu wa mtaa wao, na onyesho ni saa nane mchana. Rekodi zikipotea, vikaragosi ni bubu, na sauti ile haitasikika tena duniani.

Shu-ni analifunua taulo. Kompyuta mpakato inachuruzika chai. Diski ya akiba nayo inachuruzika. Kitu pekee kilichotoka salama ni pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ile ambayo kila mtu huku huiweka juu ya mashine kama hirizi, ili mashine isilete ukaidi.

Fundi anaigeuza pakiti na kusoma tarehe.

“Imeisha muda tangu mwaka juzi! Mlitaka ifanye kazi baada ya kustaafu?”

Pin-jung anataka kucheka lakini machozi yanamtangulia. Babu yake anaeleza kwa mnong’ono kilichotokea. Kompyuta na diski alikuwa akiviweka kwenye madhabahu ya nyumbani, miguuni pa mungu wa jukwaa, mlinzi wa wacheza vikaragosi. Asubuhi hii, akimpelekea vikombe vitatu vya chai, kiwiko kikagonga sinia.

“Mzee Tsai, si nilikwambia usiviweke pamoja? Kikiharibika kimoja, na mwenzake yuko palepale.”

“Uliniambia.”

“Ukanijibu nini?”

“Nikakujibu mungu wangu halali usingizi.”

“Kweli halali. Ila leo alikuwa na kiu.”

Shu-ni, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, hana maneno matamu ya kumpamba mteja. Alianza kazi kiwandani akichomelea vipuri vya kompyuta, akasoma jioni, akafungua duka. Shauku yake ya nakala za akiba ilitokana na uchungu: picha zote za utoto wa mwanawe zilikuwa kwenye diski moja, na diski hiyo ikafa.

“Mimi fundi, nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto,” anasema. “Wateja wakinicheka kwa kuhubiri, nawaambia chekeni, ila nakala mtatengeneza.”

Mahubiri yake ni mafupi. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ndani ya kabati, na ya tatu nje ya nyumba kabisa. Kila moja ifunguliwe na kutazamwa mara kwa mara. “Kama hujaifungua, usiniambie unayo,” anasema. Flashi hazipendi sana. Anadai nusu ya flashi za Beigang zimefuliwa pamoja na suruali.

Vijana yeye huwaelekeza kwenye hifadhi ya mtandaoni. Wazee wamemshinda. Mmoja aliandika nywila yake kwenye kalenda ya ukutani, mwezi ulipoisha akaichana karatasi na kufungia karanga.

Kwa ajili ya watu kama hao alibuni utaratibu wake, ambao sasa unajulikana mji mzima: diski ya tatu inakwenda kwa wakwe. Binti aliyeolewa mbali huondoka nayo, na siku ya pili ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, mabinti wote wanaporudi kwao na waume zao, huirudisha iongezewe mafaili mapya. Siku hiyo mtaa wote umefunga isipokuwa duka la Shu-ni. Anatoza dola mia mbili za huku kwa diski, bei ya mlo mmoja, na wengi humwongezea machungwa.

Mzee Tsai alikataa kwanza. Sauti yake, alisema, haitoki nyumbani. Ni bintiye Yueh-o, anayeuza chapati za vitunguu huko Hualien, aliyemshinda kwa maneno mbele ya wakwe: “Baba, mimi ulinitoa bila hata chozi, leo unalilia kiboksi?”

Kwa hiyo leo Shu-ni hapotezi muda na chai. Anapiga simu Hualien.

“Dada Yueh-o, diski ya baba yako iko wapi?”

“Ipo. Nimeificha mahali pazuri sana.”

“Wapi?”

Mafuta yanasikika yakichemka kikaangoni.

“Dada Yueh-o?”

“Pazuri mno. Nimesahau.”

Mzee Tsai anakaa kwenye kiti. Pin-jung anamshika bega. Kwenye simu, Yueh-o anamwita mumewe aje ashike kikaango, kisha zinasikika droo zikivutwa, mlango wa kabati, na mwanamke akijisema mwenyewe kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

“Si kwenye mablanketi. Si kwenye sanduku la viatu. Baba, usife, natafuta!”

“Sifi,” Mzee Tsai ananong’ona, ingawa huko Hualien hawezi kusikika.

“Nimeipata! Iko na bangili zangu za harusi. Nilisema mwizi akija achukue vyote kwa pamoja asinisumbue.”

Shu-ni anamwelekeza hatua kwa hatua: chomeka, fungua, chagua, tuma. Yueh-o anabonyeza na kulalamika, analalamika na kubonyeza. Rekodi zinaanza kuingia Beigang moja baada ya nyingine. Fundi anafungua ile ya leo na kuongeza sauti.

“Enyi watu wa chini!” inanguruma spika. “Mimi ni mungu wa ardhi, na magoti yananiuma!”

Mkamua ufuta anachungulia mlangoni kuona nani kapona koo. Pin-jung anarukaruka. Shu-ni, ambaye husema mashine hazimtoi machozi tena, anafuta macho kwa kitambaa kilekile alichofutia chai.

Mchana, mbele ya hekalu, Pin-jung ametoa amri moja tu.

“Babu, leo husogelei mitambo. Kaa mbele.”

“Mbele wapi?”

“Kwenye viti, na watu!”

Hajawahi kukaa huko. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa nyuma ya pazia, akiona migongo ya vikaragosi. Shu-ni anamshika mkono na kumkalisha safu ya kwanza, kati ya bibi mmoja anayekula soseji na watoto wasiotulia.

Wakati jenerali na jini wanatwangana jukwaani, Shu-ni anaeleza mpango wake. Anataka kuomba uwanja wa hekalu kwa siku ya pili ya mwaka mpya, aweke meza, na kila binti anayeshuka kwenye basi na mumewe apitie hapo kabla ya kwenda kula kwao. “Picha za harusi, video za wajukuu, nyimbo za bibi. Vyote viwe na nyumba ya pili,” anasema. “Wenye hekalu nitawalipa kwa machungwa, maana ninayo ya kutosha.”

Mungu wa ardhi anatokea akichechemea, analaumu magoti, mvua na mkewe. Watoto wanaanguka kwa kicheko. Mzee Tsai naye anacheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka bibi wa soseji anampigapiga mgongo.

Anamwinamia Shu-ni sikioni.

“Huyu mzee anachekesha.”

“Sana.”

“Mtengenezee nakala ya nne,” ananong’ona, macho hayabanduki jukwaani. “Nataka kuja kumsikia tena.”