Pasi ya Mama Mmoja

Mara ya tatu wiki ile, yule mama alisimama mbele ya dirisha langu la kuuzia pasi za mwaka za kuingilia, katika bustani yetu ya michezo hapa Ohio, akizungusha pete kidoleni. Aliongea chini chini, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

"Pasi inafaa siku ya ziara ya shule?"

"Shule inakuja na tiketi zake, mama. Mwanao haihitaji."

"Na mvua ikinyesha, ziara ikaahirishwa?"

"Watapewa siku nyingine."

"Na siku hiyo, pasi itakubaliwa?"

"Itakubaliwa siku yoyote. Ila mwanao hana haja nayo, nimeshakwambia."

"Si ya Emmett, ni yangu. Ana kifafa. Ameniambia nikija na darasa lake, hatanisemesha tena."

Nikamwandikia pasi.

Ziara ilipofika, mwezi wa tano, nilimwona kando ya kibanda cha viazi vya kukaanga, kofia imemfunika hadi nyusi. Mwanawe alipita na wenzake, wakicheka, wakikimbilia bembea kubwa. Akawafuata hadi kwenye foleni, akasimama hatua kumi nyuma yao, na kila mara mwanawe alipogeuka, mama aliinamisha uso.