Wifi Yangu Aglaia na Bomba Lililoganda

Wifi yangu Aglaia ni mfupi, mgomvi, na mdomo wake hauna pazia. Siku kaka yangu Toader alipomleta nyumbani nilimwambia, huyu mtagombana mpaka kaburini. Akacheka tu. Aglaia hana sikio la kushoto. Mahali pake pana kovu la moto. Watoto wa kijiji walimwita Sikio Moja hadi alipomzaba mmoja wao makofi mlangoni mwa kanisa, na mama mtu alipokuja kuuliza, akala na yeye.

Januari ile tulikwenda kwa mzee Ion, msimamizi wao wa ndoa. Ion kwetu ni Yohana, kwa hiyo Siku ya Mtakatifu Yohana ndiyo sikukuu ya jina lake, na kwetu siku ya jina la msimamizi haikwepeki. Ukikosa, ni matusi. Mama yetu Domnica, ambaye miguu imemkataa, tulimfunga mablanketi tukampakia kwenye gari. Jiko la nyumbani tuliliacha bila moto, kwa kuwa tungerudi jioni. Lakini theluji ikafunga barabara, pombe ya plamu ikafunga miguu, tukalala huko siku mbili.

Tuliporudi mchana, nyumba ilikuwa baridi kuliko nje. Tulimlaza mama kitandani pake, nyuma ya jiko, meno yakimgongana. Majiko yetu ya kuni yana tangi la maji mgongoni. Maji yakipata moto hupanda kwa bomba hadi darini, yakazunguka vyumba vyote kuvipasha joto, yakarudi. Toader akaanza kujaza kuni. Aglaia akaenda kufungua koki. Ikakohoa, ikatema hewa kidogo, kimya.

"Toader, usiwashe," akasema. "Maji yameganda."

"Ndiyo maana nawasha! Ulitaka niyapulizie kwa mdomo?"

Aglaia akapanda kwenye kiti, akapapasa bomba linaloingia darini. Lilikuwa limeota manyoya meupe ya barafu, na kwenye kona lilikuwa limevimba kama shingo ya mtu mwenye rovu.

"Njia ya juu imeziba, we mwanamume. Mvuke utapita wapi? Jiko litapasuka. Tuwashe jiko la kibanda cha nje, tumhamishie mama huko."

"Mama yangu akalale kibandani kama mbwa?"

"Kama mbwa aliye hai."

"Mwacheni mwanangu awashe," mama akalia kitandani. "Nakufa mie."

Aglaia akagusa kovu lake. "Baba yangu naye aliambiwa. Akawasha. Tulimzika jeneza limefungwa, hata uso hatukuuona."

"Baba yako alikuwa mjinga," Toader akasema, akawasha kiberiti.

Sikio la kufa halisikii dawa. Kuni zilikuwa kavu, moto ukashika mara moja, chuma kikaanza kuwa chekundu. Kwa kweli nilifurahi, maana vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Kisha jiko likaanza kugonga kwa ndani. Ko. Ko. Ko-ko. Kama mtu aliyefungiwa humo.

Aglaia akanyakua sepetu, akafungua mlango wa jiko, akachota kigogo kinachowaka akakirusha nje dirishani kwenye theluji. Kioo kikaenda nacho. Toader akamkamata nywele, akamvuta nyuma, akamzaba kofi lililomwangusha juu ya makaa yaliyomwagika sakafuni. Nilisikia kiganja cha Aglaia kikiungua. Akanyanyuka na chuma cha kuchokolea moto mkononi, akampiga nacho kaka yangu tayani. Taya likalia kama kuni kavu. Toader akaanguka kifudifudi, damu na meno sakafuni.

Nikamrukia. Nani atazame ndugu wa tumbo moja akipigwa hivyo? Nikamng'ata bega, akanisukuma ukutani hadi nikaona nyota.

"Mshike mama, mpumbavu we!" akapiga kelele. "Mama! Utaniua baadaye!"

Ndipo nilipoona maji yakitoka kwenye viungo vya jiko kwa sindano nyembamba za mvuke, na jiko zima likitetemeka. Hofu ikanishika kweli. Nikambeba mama na mablanketi yake, nikatoka mbio. Nyuma yangu Aglaia alikuwa akimburura Toader kwa miguu, kichwa chake kikigonga kizingiti, yeye akimtukana kwa kila hatua.

Tulikuwa kando ya kisima jiko lilipopasuka. Sikusikia sauti, nilihisi kifua kikipigwa. Mlango wa jiko uliruka uani ukamkata mbwa wetu vipande viwili, na ukuta wa jikoni ukaangukia ndani. Mama alipiga yowe moja, akaanza kumwita Bikira Maria.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kaka yangu alivunjika taya. Hospitali ya mjini walimfunga kwa waya, na kijiji kizima kikaja na supu kuangalia. Mama alilazwa wodi hiyohiyo kwa ajili ya mapafu.

"Jiko ndilo lililokupiga hapa?" daktari akauliza.

Toader akaitikia kwa kichwa upesi, ndiyo, ndiyo. Wanawake wakamhurumia.

"Mwongo huyo," Aglaia akasema, mkono wake umefungwa bandeji. "Jiko halikumgusa. Nilimpiga mimi. Ningekuwa na nafasi ningempiga mara mbili."

Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Mmoja akamwinamia mama. "Domnica, unamsikia mkweo? Amemvunja mwanao!"

"Namsikia. Njoo, mwanangu," mama akamwambia Aglaia.

Kwetu mkwe ndiye anayebusu mkono wa mama mkwe, tangu siku ya harusi mpaka siku ya mazishi. Mama aliushika ule mkono wenye bandeji, mbele ya kijiji kizima, akaubusu.

"Mama, acha, unaniaibisha," Aglaia akanong'ona.

"Nyamaza," mama akasema. "Kitanda changu kimejaa matofali."