Mkwe wa Nje ya Dirisha

Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa juani hutoa harufu ya utamu uliochanganyika na udongo, harufu ambayo siku mbili tatu za kwanza huvutia nzi na watoto kwa pamoja. Hiyo ndiyo michembe, chakula chetu Wasukuma cha kiangazi, na uani kwa bibi yangu, Kambarage mjini Shinyanga, tuliianika juu ya mikeka na magunia mpaka mahali pa kukanyaga pakakosekana. Mama yangu alikuwa akiuza vitenge Runzewe, hivyo mimi nililelewa na bibi, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Nilikuwa binti wa darasa la tatu, mdomo mrefu kuliko umri. Asubuhi moja, nikiwa katika vita vyangu na kuku, mdogo wake mama, Mama Mdogo Kabula, alisukuma lango akiwa na begi kichwani na sufuria mkononi. Alikuwa ameondoka kwa mumewe. Bibi alimpa kisu, akamsogezea ungo wa viazi, wakakaa wakimenya mpaka jua likawa kali. Ndipo Mama Mdogo aliposema, bila kuinua macho, "Mayu, sirudi kule." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Bibi akamjibu, "Menya kwanza, mwanangu."

Masanja, mume wa Mama Mdogo, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililotuchanganya wote. Hakumpiga, hakuwa mlevi, hakuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa mchimbaji mdogo huko Mwakitolyo, na duara lake, yaani lile shimo wanaloshuka kwa kamba kutafuta dhahabu, lilikuwa limegoma kutoa. Akaenda kwa mganga kama walivyofanya wenzake. Mganga akampa mwiko: asilale kwa mkewe wala asile chakula cha mkono wake mpaka duara lianze kutoa. Masanja alidhani ni jambo la wiki chache. Alikuwa na haraka ya kumjengea mke wake nyumba ya bati, na kwa ajili ya nyumba hiyo akamwacha peke yake kwenye chumba cha kupanga karibu na machimbo, tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi. Mama Mdogo alikuwa akipika na kumpelekea. Chakula kililiwa na wenzake, sufuria ikarudi imeoshwa. Wanaume wa namna hiyo nimekutana nao wengi baadaye, wanaokupenda kwa bidii wakiwa mbali, na mpaka leo wananitia hasira na huruma kwa wakati mmoja.

Walikuwa wamefunga ndoa bomani, mwaka na kidogo tu uliopita, na ng'ombe wa mahari walikuwa bado wageni katika zizi la mjomba kijijini. Shauri likapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la kata. Bibi hakuweza kwenda kwa sababu mkwe wake angekuwepo. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja wao hutafuta pa kujificha. Ni heshima, na bibi yangu aliishika kweli kweli: tangu siku ya posa alimjua Masanja kwa sauti na kwa mgongo tu. Basi nikapelekwa mimi, nimshike Mama Mdogo mkono. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya taratibu, aliyewasikiliza wote wawili mpaka mwisho.

"Kabula, mwanangu," akasema, "ndoa yenu haijafikisha miaka miwili. Mahakama haipokei ombi la talaka kabla ya hapo, labda uombe ruhusa maalumu na uoneshe kwamba una mateso makubwa yasiyo ya kawaida. Unayo?"

Mama Mdogo alifikiri sana. "Mateso sina, mama. Nina upweke."

"Basi mnaweza kutengana. Lakini kutengana siyo talaka. Wewe bado mke, yeye bado mume, hakuna wa kuoa wala kuolewa. Miaka miwili ikitimia hamjapatana, mrudi hapa tuwape hati ya kwenda nayo mahakamani."

Masanja alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alisema yote aliyafanya kwa ajili ya mkewe, na hakuna aliyembishia. Kisha akauliza kama, katika huko kutengana, anaruhusiwa kwenda kumsalimia mama mkwe wake. Mwenyekiti akacheka. "Wewe siyo Msukuma? Utamsalimiaje?" Masanja akajibu kwamba angekaa nje ya dirisha.

Na kweli alikuja. Kila Jumapili alitoka machimboni, ameoga na kunyoa, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha la chumba cha bibi. Bibi naye alivuta kigoda akakaa ndani, pazia limeshuka. Mimi nilikuwa katikati, kwa maana ya kubeba maneno. Bibi alianza kwa salamu yetu ya Kisukuma, "Mwambie mwangaluka, za huko?" nami nilitoka mbio kupitia sebuleni, nikazunguka nyumba, nikamkuta Masanja ameshasikia kila kitu na ameshatabasamu, lakini anasubiri nimwambie kwa adabu. Akinipa jibu, narudi mbio, namkuta bibi naye ameshalisikia na anaficha kicheko kwa kanga. Walizungumza hivyo habari za mvua, ng'ombe, bei ya karanga, magonjwa ya kuku. Nilihema kama mbwa na niliipenda kazi ile kuliko shule. Nilimpenda Masanja pia, nisifiche. Aliziba paa letu lililovuja, alinifundisha kupiga mluzi, na alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza bila kuniambia nipunguze maneno.

Jumapili moja alikuja na kutangaza, kupitia kwangu, kwamba amemrudishia mganga dawa zake zote na ameachana na mwiko. Mama Mdogo alisikia akiwa jikoni. Alipika ugali na samaki, akautenga mwenyewe mbele ya mumewe, akasimama. Masanja alinawa, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Nilidhani mambo yamekwisha, tena nikaanza kuhuzunika kwamba atamchukua Mama Mdogo wangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba analia. Akanifuta mimi machozi, ingawa yaliyokuwa yakitoka ni yake. "Nikimsikia anacheka na mayu nafurahi," akaniambia. "Lakini nikifikiria kulala naye nyumba moja tena, kifua kinabana. Nilimsubiri mpaka kusubiri kukaisha."

Nadhani Masanja alilihisi hilo, kwa sababu Jumapili iliyofuata hakuongelea kuku. Aliniita karibu, akanishika bega, sauti yake ikiwa chini. "Mwambie mama amwombe Kabula arudi. Akisema yeye, Kabula atasikia." Sikukimbia safari hiyo. Nilijua, pamoja na udogo wangu wote, kwamba kilichokuwa kwenye maneno yale ni maisha ya Mama Mdogo. Bibi angeweza. Majirani walikuwa wamemsema vya kutosha kuhusu binti anayekaa nyumbani huku ana mume, mjomba alikuwa akigombana naye kwa ajili ya ng'ombe ambao wangepaswa kurudishwa, na Masanja mwenyewe alikuwa kipenzi chake. Neno lake moja lingemrudisha Mama Mdogo Mwakitolyo, na asingelalamika, angekwenda tu akanyamaze huko. Bibi akanipa jibu, na alilirudia mara mbili nisipoteze hata neno: "Mwambie mwanangu, Kabula akitaka kurudi, mimi mwenyewe nitambebea begi. Asipotaka, sitamsukuma. Na mwambie nimesema haya nikilia." Nikazunguka nyumba. Masanja alikuwa ameinama, machozi yanamdondoka kwenye ncha ya pua. Nilimwambia hata hivyo, neno kwa neno, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho kama ndiyo kwanza anasikia.

Miaka miwili ilipotimia walirudi barazani, wakashindwa kupatana kwa upole uleule, wakapewa hati, na baadaye mahakama ikavunja ndoa. Mama Mdogo alirudi nyumbani siku ile akalala usingizi mchana kutwa, kama mtu aliyetua mzigo. Alasiri, Masanja akaja. Alikuwa anahamia machimbo ya Geita na alitaka kuaga. Akakaa mahali pake chini ya dirisha, akaliambia pazia, "Mayu, nimekuja kuaga." Nikasimama tayari kubeba jibu. Jibu halikuja. Badala yake nilisikia kigoda kikisogezwa, kisha mlango wa mbele, na bibi akatokea nje akiwa hajajifunika uso. Masanja aliruka kutaka kukimbia. "Kaa chini," bibi akamwambia. "Wewe siyo mkwe wangu tena. Sasa naweza kukuona." Akamshika mashavu kwa mikono yake yote miwili, akamtazama kwa muda mrefu, akamwambia, "Kumbe una makovu hapa, maskini. Kumbe bado mtoto kabisa." Wakala pamoja kwa mara ya kwanza, sahani moja, na mimi nikakosa kazi.

Mama Mdogo aliolewa tena, ana watoto na duka la dawa za mifugo, na Masanja, nasikia, alipata nyumba yake ya bati huko huko Geita pamoja na mke wa kuishi ndani yake. Mimi ninaishi mjini Geita sasa. Mama mkwe wangu alinipokea kisasa: tulisukana, tulipigiana simu, tulipiga picha mashavu yakigusana. Ndoa yangu ilishindikana ikiwa bado changa, mimi na mume wangu tukatengana kwa makubaliano, na siku hiyo hiyo mama yule akafuta namba yangu. Zamani ile watu walifichana nyuso wakiwa wakwe. Sisi tunafichana tukishaachana, na sioni kama tumeendelea. Mwezi uliopita nilimwona sokoni akichagua nyanya. Aliponiona akageuka haraka kuelekea kwenye vitunguu. Nilisimama pale, aibu imenijaa, nikawaza kuondoka. Kisha nikazunguka meza ya vitunguu mpaka mbele yake, mahali ambapo asingeweza kuukwepa uso wangu, nikampigia goti katikati ya watu. "Shikamoo, mama." Alichelewa sana kuitikia, lakini aliitikia.