Jumamosi za Ruhusa

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa shule ile ya bweni hutoka wamevaa sare na hurudi wamevaa sare. Ndiyo sheria yao. Jumamosi ya ruhusa, ambayo huja mara moja kwa mwezi, utawaona wamejaa mjini, sketi za bluu na mashati meupe, na kila mtu mzima anajiona mwalimu wao. Wakisimama kwenye kibanda cha chipsi wanaulizwa wana njaa gani. Wakicheka barabarani wanaulizwa kama kwao hakuna wazazi. Wakishuka ziwani ndiyo kabisa, hakosekani mvuvi wa kupiga kelele: "Nyie wanafunzi, leo somo ni kuogelea?"

Kwa hiyo walikuwa wanatafuta nyumba ya kubadilishia nguo. Wakaipata yangu.

Nakaa Ujiji, karibu na ziwa, na sasa karibu zaidi, maana maji yamepanda miaka hii yakala mchanga tuliokuwa tukianikia dagaa. Nauza mawese barazani. Siku hiyo nilikuwa namimina mafuta kwenye chupa, wakaja wasichana wanne, wakanipa shikamoo kwa kupokezana, mwisho mmoja akasema:

"Bibi, tunaomba chumba kidogo tu. Tubadilishe nguo, tukatembee kama watu."

"Kwani sasa hivi nyinyi ni nini?"

"Sasa hivi sisi ni wanafunzi, bibi."

Nilicheka mpaka mafuta yakamwagika. Nikawapa chumba.

Majina yao ninayo yote, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, hata mtaa aliotoka kila mmoja. Hapa siyaandiki, ni mabinti za watu na sasa ni watu wazima wenye mambo yao. Nitawaita kwa walikotoka, kama nilivyokuwa nikiwatania: wa Mtwara, wa Singida, wa Moshi na wa Kasulu. Serikali ndiyo iliyowapanga huku, wakajuana bwenini. Wa Kasulu tu ndiye mwenyeji, Muha kama mimi, na ndiye aliyewafundisha wenzake kuniamkia kwa Kiha. Wakawa wakifika mlangoni wanaimba wote, "Mwidiwe, bibi!" Wa Mtwara alilitamka neno hilo vibaya tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na mwenzake wa Kasulu hakuchoka kumcheka.

"Wewe hata salamu unaikaanga!"

"Niache, nyie wenyewe chakula chenu cha rangi ya machungwa."

Ni mawese hayo. Hakuwahi kuyaona. Mara ya kwanza nilipompa ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wetu wa ziwani, aliyeungwa kwa mawese, aliuangalia ule mchuzi kama mtu aliyeletewa rangi ya kupaka mlango. Mara ya pili alikomba sufuria.

Watu wanadhani vijana wakipata nafasi wanafanya makubwa. Hawa wangu walitaka mambo madogo sana. Walivaa magauni yao, wakajifunga khanga zangu kichwani zikaning'inia mpaka mgongoni, maana shule imewanyoa, halafu wakatembea ufukweni wakitikisa zile khanga kama nywele. Waliogelea. Mimi nilikaa kwenye jiwe, sheria yangu ilikuwa moja, maji yasipite kiuno, na aliyepita kiuno niliita jina lake kamili mpaka watu wa mitumbwi wakageuka. Wakitoka majini walirudi uani, nikawawekea redio ya simu yangu ya kitochi, wakacheza. Redio ikikatika walipiga ndoo.

Na walipenda kuigiza walimu. Wa Singida alikuwa hatari. Alijaza nguo tumboni, akaning'iniza miwani yangu puani, akawa mwalimu wao wa jiografia, mpaka wa Moshi akalala chini kwa kucheka. Siku moja wakaniketisha mimi kwenye mkeka niwe mwanafunzi.

"Wewe binti wa nyuma, simama! Ziwa Tanganyika limepakana na nchi gani?"

Nikasimama, mikono nyuma. Nikazitaja zote, na wavuvi wake juu.

"Kaa chini. Umechelewa namba, utafagia bweni."

"Mwalimu, naumwa magoti."

"Magoti utayaeleza kwa matroni!"

Walipokuwa ziwani siku za mwanzo, kabla sijazoea kufuatana nao, mimi nilibaki na sketi zao. Walizitundika kwenye misumari ya chumba changu, nne, zimepangana. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Mama alijifungua mapacha, mtu wa kuwabeba nikawa mimi, na gauni langu la shule likachanwa likawa nepi zao. Sikulia, wala hakuna aliyenikosea, ndivyo mambo yalivyokuwa. Lakini zile sketi msumarini zilikuwa zinanishughulisha. Nilipita mlangoni bila sababu. Naingia kuchukua kikombe, natoka bila kikombe.

Sasa kuna Jumamosi moja ya masika walikuja sketi zimerukiwa tope barabarani. Wakabadilisha, wakateremka majini, na mdogo wangu anayekaa jirani akaenda kuwatazama. Jua likatoka kali. Nikasema moyoni, watarudi shuleni hivi hivi wachafu kama watoto wasio na mtu? Nikazifua. Nikachemsha wanga wa muhogo, ule niliokuwa natilia kanzu za marehemu mume wangu kwa ajili ya Ijumaa, nikazichovya, nikazianika, nikatia makaa kwenye pasi. Nilipiga rinda moja baada ya jingine. Mgongo uliuma lakini nilikuwa naimba. Walipotoka ziwani walizikuta zimesimama zenyewe.

"Bibi umeua!" akasema wa Singida. Wakavaa, wakaondoka, sketi zinalia chwa chwa chwa njia nzima, na mimi nimesimama barazani nikiwaangalia mpaka kona.

Huko getini, matroni aliwapanga mstari. Wenzao wote walikuwa wamerudi kama watu waliozunguka na jua kutwa, sketi zimekunjamana, vumbi mpaka magotini. Hawa wanne wamefika kama wametolewa dukani.

"Nyinyi mmetoka kutembea," akauliza, "au mmetoka kwa dobi?"

Wa Moshi hakujua kudanganya. Yakatoka yote, nyumba yangu, ziwa, khanga za kichwani. Wakafutiwa ruhusa mpaka watakapomaliza shule.

Hayo niliyajua mwezi uliofuata. Nilikuwa nimepika sufuria kubwa, nikangoja. Adhuhuri ikapita, ugali ukaota ngozi. Alasiri ndipo akaja msichana mwingine wa shule ile, ametumwa, akasimama mbali kidogo kama anayeogopa nyumba. Akanisimulia. Akamaliza kwa kusema, "Wamesema usijisikie vibaya, bibi. Wamesema sketi zilikuwa nzuri."

Mitihani yao ilikuwa inakaribia. Nikaona hawa watoto wataondoka sijawatia machoni, na hilo sikuliweza. Nikaulizia siku ya wazazi kutembelea. Jumapili hiyo nikajaza hotipoti, nikafunga kwa kitenge, nikapanda bajaji mpaka mjini kule juu. Nilikuwa sijawahi kuingia shule ya sekondari maishani mwangu.

Mlinzi akaniuliza namtembelea nani. Nikamtajia wanne, kila mmoja na baba yake, babu yake na alikotoka. Akanitazama.

"Bibi, mmoja Mtwara, mmoja Moshi, mmoja Singida. Umezaa nchi nzima?"

"Wa Kasulu umemwacha."

Akacheka, akaenda kumwita matroni. Akaja mama wa makamo, wa umri wa binti yangu mkubwa, akanipa shikamoo kwa kupinda magoti. Nikaitikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, ile heshima ikanimaliza nguvu.

"Ni wewe mwenye nyumba ya Ujiji?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Mama, hawa ni watoto wa watu. Mmoja angezama, ningempigia simu mzazi Mtwara nimwambie nini?"

Alikuwa na haki yake. Nikamwambia tu, "Wanakaribia kuondoka. Nimekuja kuwaona."

Akaangalia hotipoti. Akaangalia saa. "Mpaka kengele. Na mtakaa pale kibarazani, nikiwaona."

Wakaja wanafuatana, mikono nyuma, wakasema shikamoo bibi kwa sauti moja kama wanamsalimia mkaguzi. Nilitaka kucheka nikaona hawachezi. Wakanawa, wakala. Wa Mtwara alikomba mawese kwa kidole, akaangalia upande wa matroni, akakomba tena.

"Bibi, maji bado yanapanda?" aliuliza wa Moshi, chini chini.

"Yamefika kwenye jiwe langu."

"Sasa unakaa wapi?"

"Sikai. Nikakae namwangalia nani?"

Nikauliza lile nililokwenda nalo: mkimaliza mtihani, Jumamosi ile, mtakuja? Nitapika. Wakatazamana. Wa Kasulu ndiye aliyenieleza, kwa Kiha, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Wakimaliza karatasi ya mwisho mabasi yatakuwa yanangoja hapo hapo ndani, kila mtu na mkoa wake. Kutoka nyumbani wataitwa kambi za jeshi kwa mafunzo. Kutoka kambini, chuo. Hakuna Jumamosi.

Mimi sikujua. Nilidhani wakimaliza ndiyo watakuwa huru.

"Tutakuja bibi," akasema wa Singida haraka. "Mimi nitakuja na mtoto wangu umbembeleze."

"Mtoto wa nani, wewe?"

"Wa mwalimu wa jiografia!" akasema wa Mtwara, na hapo wakashindwa, wakacheka wameziba midomo kwa mikono, mabega yanaruka, na kwa muda ule mdogo nilikuwa nimekaa nao uani kwangu.

Kengele ikalia. Wakanisindikiza mpaka kwenye mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, mwanafunzi havuki hapo. Wakanikumbatia mmoja mmoja, haraka, kwa sababu chakula cha shule kilikuwa kinagawiwa; kushiba wameshiba, lakini foleni ni foleni. Wakakimbia. Wa Singida alikuwa anacheka tena kabla hajafika kwenye kona ya darasa, na hakugeuka, na sikutaka ageuke. Ndivyo wanavyotakiwa kukimbia wakiwa na umri ule.

Upande wa bwalo watoto walikuwa wengi, sahani zinagongana, wanaitana, wanacheka. Nikabaki pale na hotipoti yangu, natega sikio, najaribu kuchambua kicheko cha wangu ndani ya vile vya wenzao. Mwanzo nilikipata. Baadaye nikadhani nimekipata.

"Umesahau kitu, bibi?" akauliza mlinzi.

Nikamwambia sijasahau. Akanifungulia geti.