Samaki wa Bibi

Enzi za chama kimoja, redio ilitangaza vita dhidi ya rushwa asubuhi na jioni. Papa, baba yangu, karani wa bandari hapa Kalemie, aliamini kila neno, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Siku moja bibi, mama mkwe wake, alishuka kwenye boti kutoka Moba na kitunga cha samaki wakavu, akampelekea bironi, ofisini kwake. Papa aliinama kwa heshima.

"Mama, unisamehe. Mutumishi wa serikali hapokei kitu ku biro."

Kwetu, kukataa chakula cha mama mkwe ni kumfukuza. Bibi alimpa kitunga shefu wa Papa, mkubwa wake kazini, aliyekipokea kwa mikono miwili.

Jioni tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, bila kitoweo kingine. Papa akauliza samaki wako wapi.

"Wako kwa shefu wako," mama alijibu taratibu. "Wanapigana na rushwa."