Hewa ya Jikoni kwa Mama

Kazi yangu ni kupima vipimo. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Makampuni huuza vipima hewa vya bei nafuu, vijisanduku vyeupe ambavyo unaweza kuvifunika kwa viganja viwili, na kila kampuni hudai kwamba chake kinasoma sawasawa moshi na vumbi lililo hewani. Sisi hatuuzi chochote. Tunavifunga juu ya paa la ofisi yetu mjini Kisumu, kando ya mashine kubwa tunayoiamini, tunaviacha vipumue hewa moja kwa wiki kadhaa, kisha tunaandika kipi kilisema kweli na kipi kilidanganya.

Masika yale tulikuwa na vipima vya aina tatu. Ukungu ulipopanda asubuhi kutoka ziwani, aina moja ilipandisha namba kana kwamba mtaa mzima unachoma takataka, kwa kuwa ilihesabu matone ya maji kuwa vumbi. Hilo tulilitarajia. Lakini msimamizi wetu, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, hakuridhika.

"Paa halitoshi," alisema. "Nani anaishi juu ya paa? Tafuteni jiko la kuni."

Nikasema kuna moja ninalolijua.

Lilikuwa jiko la mama yangu, katika mtaa wa Nyalenda. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa, akiwauzia majirani kwenye mlango wake. Mimi nilikuwa nimehamia Kisian, kwenye nyumba yenye gesi na madirisha makubwa, na ziara zangu kwake zilikuwa zimepungua hadi Jumapili mojamoja, ziara za mtu anayetazama saa. Nilifurahi kupata sababu ya kwenda kila siku. Ninaona haya kwamba nilihitaji sababu.

Mama aliviangalia vile vijisanduku kwa mashaka. "Vinakula nini?"

"Umeme kidogo tu, Mama."

"Basi vikae mbali na mafuta yangu."

Nilivifunga ukutani, vitatu, usawa wa uso wake anapokaa kugeuza samaki. Karibu navyo niliweka pampu ndogo inayovuta hewa kupitia karatasi nyeupe ya mviringo. Karatasi hiyo hupimwa uzito kabla na baada. Uzito unaoongezeka ndio moshi wenyewe, na hauna ubishi.

Siku ya kwanza nilikaa naye tangu alipowasha kuni hadi karai la mwisho lilipoisha. Macho yaliniwasha nikatoka nje mara tatu. Yeye hakutoka. Tulizungumza Kijaluo, habari za majirani, nani kaoa, nani karudi nyumbani mgonjwa. Katikati ya maneno hayo, bila kuinua uso kutoka kwenye karai, akasema, "Ulikuwa ukianika sweta lako la shule kwa jirani."

Nilishtuka. Nilipokuwa darasa la saba wenzangu walisema ninanuka moshi na samaki, nikawa ninafua sweta langu na kulipeleka kwa mama jirani aliyepikia mkaa likauke huko. Miaka yote hiyo nilidhani ni siri yangu.

"Ulijua?"

"Nyathina, mimi ndiye niliyemwomba akuwekee kamba."

Mtu anapokuita mwanangu kwa sauti ile, baada ya jambo kama lile, utajibu nini? Niliinuka nikaenda kuifungua pampu ili nijishughulishe. Karatasi ilikuwa nyeusi. Haikuwa kijivu kama zile tunazozoea kutoka barabarani. Ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria.

Mama alifuta mikono, akasogea kuitazama. "Hiyo ni ya siku ngapi?"

"Ya leo. Tangu asubuhi."

"Na mimi niko hapa tangu hujaanza shule," alisema, kisha akarudi kwenye samaki wake kwa sababu wateja walikuwa wamefika.

Niliendelea kwenda kwa wiki tatu. Nilijifunza upya mambo niliyoyasahau: kwamba huimba chini chini mafuta yanapochemka, na kwamba anatenga vipande vizuri kwa kikongwe wa nyumba ya pili na kujifanya vimebaki. Wakati huohuo, kipima hewa cha aina ya tatu kilianza kushuka. Siku za mwanzo kilisoma moshi mwingi kama wenzake. Kufikia wiki ya pili kilionyesha kwamba hewa ya jiko lile ni safi kuliko ya ufukweni, na sisi tunakohoa. Nilikifungua ofisini. Masizi na mafuta yalikuwa yameziba kijitundu chake kinachopitisha mwanga wa kuhesabia vumbi, hakikuona tena kitu. Niliandika nilichokiona.

Wenye kipima hicho walimtuma mtu wao, kijana nadhifu mwenye heshima zake. Aliketi mbele yetu akaomba matokeo ya jikoni yaondolewe kwenye ripoti.

"Jiko lile si mahali pa kawaida," alisema. "Kifaa chetu ni cha mjini."

"Nyalenda ni mjini," nilimwambia.

Akamgeukia msimamizi. "Na nimesikia jiko lenyewe ni la mama yake huyu dada. Hiyo ni haki kweli?"

Uso ulinichoma, maana neno lake lilikuwa na uzito. Nilikuwa nimemwambia msimamizi tangu mwanzo, lakini mbele ya mgeni nilijihisi kama niliyekamatwa.

Msimamizi hakupandisha sauti. "Karatasi zote nilizipima mimi mwenyewe," alisema, "na mizani haina mama."

Ripoti ilitoka jinsi ilivyokuwa. Miezi kadhaa baadaye kampuni ilileta kipima kingine, chenye kifuniko kinachofunguka ili kisafishwe, nacho kilifanya vizuri zaidi.

Kwa mama nilileta fundi, tukamjengea kibanda cha mabati nje, wazi pande tatu. Alilalamika kwamba upepo unamlia kuni, lakini alikihamia. Nilipima tena, na karatasi ilitoka ya kijivu. Nilimwonyesha kwa furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani. Alitabasamu akasema, "Sasa hutakuwa na sababu ya kuja."

Nilimwambia nitakuja. Nilikuja, lakini si kila siku. Kulikuwa na paa, na ripoti, na aina nyingine za vipima. Kikohozi chake kilibaki palepale hata baada ya moshi kupungua. Mwaka uliofuata alisema amechoka, akarudi nyumbani upande wa Katito kwa dada yake. Nilimtembelea huko mara nne. Mara ya nne alikuwa amelala. Nilishika mkono wake mpaka jioni, na hakuamka nikiwa pale. Tulimzika wiki hiyohiyo.

Jiko la Nyalenda limepangishwa. Nilipita siku moja, nikaona pazia jipya mlangoni na redio ikilia ndani, wala sikubisha hodi. Ninajua vizuri moshi ule ulifanya nini kifuani mwake, kwa maana niliupima kwa mkono wangu. Hata hivyo kuna asubuhi ninaamka katika nyumba yangu yenye hewa safi nikiutamani, moshi uleule, na harufu ya samaki ndani yake, kiasi kwamba ninafungua dirisha bila kujua ninatafuta nini.

Siku hizi hatumalizi jaribio lolote bila wiki za jikoni. Juzi nilifunga vipima kwa mama mmoja anayekausha samaki kwa moshi karibu na ziwa. Nilipomaliza nilibaki nimesimama.

"Mbona huendi?" aliniuliza. "Mashine si inafanya kazi yenyewe?"

"Inafanya," nilisema.

Alinitazama kidogo, akasogeza kigoda kwa mguu, na mimi nikakaa.